Mwethya na Habari Zake: Kutoka Machakos Hadi Nthongoni

Mtu akishuka katika gari la abiria mjini Machakos mwezi wa Septemba, kitu cha kwanza atakachokiona ni vumbi, na cha pili ni vilima. Kaskazini viko vilima vya Iveti, na magharibi vile vya Mua, vyote vimekauka na kugeuka rangi ya ngozi ya simba, kwa kuwa mvua ya vuli haijafika. Mji huu ni mzee kuliko Nairobi, nao ulipata jina lake kutokana na Mzee Masaku wa Wakamba. Wasafiri wengi hunywa chai hapa, wakanunua ndizi dirishani, wakaendelea na safari zao. Mimi nilishuka na mzigo wangu.

Nilikuja kutazama jinsi vikundi vya wakulima wa Ukambani vinavyopashana habari za kazi zao. Katika kazi ya ukarani nimeandika barua nyingi sana za kwenda kwa vikundi vya namna hiyo: barua za mikutano, za mbegu, za saruji, za wageni watakaokuja na za wageni ambao hawatakuja tena. Lakini barua ikisha kutiwa muhuri na kuandikwa katika kitabu cha barua zitokazo, karani haioni tena. Huandika tarehe, na neno “imepelekwa”, na kwa ofisi jambo hilo limekwisha. Kama imefika, kama imesomwa, na kama aliyeisoma alimwambia jirani yake, hayo hayana safu katika kitabu.

Basi nilichukua siku sita za likizo yangu, nikashika njia iendayo Wote.

KILIMA KILICHOPONA

Ukipita Katumani na kukaribia Kola, utaona ajabu moja. Kilima baada ya kilima kimekatwa ngazi kutoka kileleni hadi bondeni, kana kwamba mtu alichora mistari kwa kalamu akiufuata mteremko. Hayo ndiyo matuta. Mgeni asiyejua habari zake atadhani yamekuwapo tangu zamani. Walakini katika mwaka 1937 afisa mmoja wa serikali, jina lake Barnes, alipiga picha za nchi hii ili kuonyesha jinsi ilivyoharibika: makorongo mekundu, vilima vitupu, mizizi ya miti ikining’inia hewani. Wataalamu walipokwenda mahali pale pale katika mwaka 1991 na kupiga picha tena, waliona miti, mashamba na matuta, ingawa watu walikuwa wameongezeka sana. Katika miaka ya 1930 watu wa Machakos walikuwa kama 240,000. Kufika mwisho wa miaka ya 1980 walikuwa karibu 1,400,000. Habari hizo ziliandikwa katika kitabu kilichotolewa mwaka 1994 na Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, nacho kiliwashangaza wengi waliokuwa wakiamini kwamba watu wakizidi, ardhi haina budi kufa.

Lakini yafaa kukumbuka kwamba mambo hayakuanza kwa wema. Katika mwaka 1938 serikali ya wakati ule iliamua kwamba dawa ya mmomonyoko ni kupunguza ng’ombe wa Wakamba, ikawachukua kwa nguvu. Watu maelfu kadhaa walifunga safari kwenda Nairobi kumwona Gavana, wakakaa huko kwa majuma kadhaa wakingoja kusikilizwa. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akapelekwa Lamu kifungoni. Baadaye, baada ya Vita Kuu ya Pili, ikaja amri ya kuchimba mitaro: watu wa kila mtaa watoke asubuhi za siku fulani, kwa zamu, chini ya jicho la chifu. Mzee mmoja wa Kola, mwenye umri wa miaka themanini na zaidi, aliniambia kwamba mamake alichimba mitaro ile bila kuambiwa hata mara moja ilikuwa ya kazi gani. “Tulifikiri wanatafuta mipaka ili wachukue shamba,” alisema. Kwa hiyo uhuru ulipokaribia, mitaro mingi iliachwa ikajaa mchanga.

Neno hilo la mzee nililiandika katika daftari langu, maana lilikuwa na uzito kuliko yote niliyoyasikia siku ile. Mitaro ilikuwa na manufaa. Lakini kazi ilifika bila habari yake, na kazi isiyofuatana na habari yake, mwenye shamba huijazia mwenyewe habari anayoiogopa.

Kilichoyarudisha matuta ni wakulima wenyewe, walipoona faida ya tuta liitwalo “fanya juu”. Mkulima huchimba mfereji kuufuata usawa wa mteremko, upana na kina chake kama sentimita sitini, na udongo wote huutupa upande wa juu. Juu ya udongo ule hupanda majani ya ng’ombe. Kila mvua huleta udongo mwingine ukakwama pale, na baada ya miaka michache shamba lililokuwa limeinama huwa limekaa kama ngazi. Yule anayetupa udongo upande wa chini hufanya “fanya chini”, ambayo ni kazi nyepesi zaidi, lakini shamba lake huchelewa kusawazika. Msomaji atafurahi kujua kwamba maneno haya yameingia katika vitabu vya Kiingereza vya wataalamu wa udongo bila kutafsiriwa, na hata Ethiopia wataalamu huliita tuta la namna hii “fanya juu”. Sijui maneno mengine mengi ya Kiswahili yaliyosafiri mbali hivyo yakiwa yamebeba jembe.

WATU WATATU NA KAMBA

Sasa nieleze mwethya, maana bila neno hilo habari hii haieleweki. Zamani Mkamba aliyetaka kujenga nyumba au kupalilia shamba kubwa aliwaita majirani zake, wakaja na majembe, naye akawapa chakula. Huo ndio mwethya. Serikali ya kikoloni ililichukua jina hilo ikalitia katika kazi za amri, lakini jina halikufa kwa sababu hiyo. Baada ya uhuru, vikundi viliendelea chini ya jina hilo hilo, vingi vikiongozwa na wanawake, kwa kuwa waume wengi walikuwa Nairobi na Mombasa wakitafuta mshahara. Leo kikundi cha mwethya kina mwenyekiti, mwandishi na mweka hazina, kina cheti cha kuandikishwa, na aghalabu kina mchango wa kila mwezi ambao kila mwanachama hupokea kwa zamu yake.

Nilikikuta kikundi kimoja kazini kwenye mteremko karibu na Kola. Sitalitaja jina lake, kwa sababu mtakayoyasikia baadaye ni mambo ya nyumbani kwao. Wanachama ni ishirini na watatu, na wanawake kati yao ni kumi na tisa. Walikuwa wakipima usawa wa tuta jipya kwa kamba. Chombo chenyewe ni rahisi: fito mbili za urefu mmoja, kamba ya mita kumi kati yake, na pimamaji ndogo ya fundi mwashi imening’inizwa katikati ya kamba. Mtu mmoja hushika ufito wa kwanza, wa pili hushika mwingine akipanda au kushuka, na wa tatu hutazama povu la pimamaji na kusema, “Juu kidogo, chini, hapo.” Pale pale hupigwa kigingi.

Zamani kazi hii ilimngojea afisa wa kilimo na vyombo vyake, na kama afisa hakuja, mvua haikumngoja. Kamba na pimamaji vilipofika mikononi mwa wakulima, kungojea huko kulipungua sana. Na kuna jambo jingine nililoliona. Kazi hii haiwezi kufanywa na mtu mmoja, wala na watu watatu wasiosemezana. Nilikaa juu ya jiwe saa nzima nikiwasikiliza, na katika saa ile, mbali na maneno ya juu na chini, niliwasikia wakisema ni duka gani lina mbegu ya kunde isiyotobolewa, ni mbuzi wa nani anakohoa, na kwamba yule mnunuzi wa maembe aliyekuja mwaka jana amerudi na ratili isiyo ya kweli. Hakuna mkutano uliotangazwa. Kamba yenyewe iliwakusanya.

Lakini hapa ndipo penye kisa. Msimu uliotangulia kikundi hiki kilichimba mfereji mkubwa juu ya mashamba yote, ili kuyakinga maji yashukayo kutoka kileleni. Maji yakikingwa hayana budi kupelekwa mahali. Wakakubaliana yaelekezwe kwenye kijito kikavu kilicho kando ya shamba la mama mmoja, ambaye si mwanachama, na mume wake anafanya kazi Mombasa. Mwandishi wa kikundi alifanya kazi yake sawasawa: alipeleka habari kwa simu kwa kila mwenye shamba, akieleza siku ya kuchimba, na kwamba kila mtu asafishe kijito upande wake kabla ya mvua. Namba iliyokuwa katika daftari ilikuwa ya mume. Mume aliisoma habari hiyo huko Mombasa, akajibu “sawa”, akairudisha simu mfukoni.

Mama yule hakusikia neno. Alikuwa ameziba kijito kwa mawe ili apate njia ya kupitisha punda wake kwenda kuteka maji. Mwezi wa Novemba mvua kubwa ilipiga usiku. Maji ya kilima kizima yalishuka katika mfereji mpya, yakafika kwenye mawe, yakageuka, yakapita katikati ya mbaazi zake. Nililiona korongo lenyewe: ndama anaweza kusimama ndani yake asionekane. Karibu nusu eka ilikwenda na maji, nayo ndiyo ilikuwa nusu iliyo nzuri.

Siku niliyofika, baada ya kazi, kikundi kilikaa chini ya mwembe kulizungumza jambo hili kwa mara ya tatu. Mama yule aliitwa, akakaa pembeni kidogo, mikono juu ya magoti.

Mwandishi alisema kwa adabu, “Mwaitu, sisi tulipeleka habari. Namba iliyoandikwa ni ya mwenye shamba.”

“Mwenye shamba ni nani?” aliuliza mama. “Yule anayeshika hati, au mimi ninayeshika jembe?”

Hakuna aliyejibu upesi. Mzee mmoja akasema kwamba kwa desturi habari ya shamba huambiwa mwenye boma. Mwanamke mwingine, mweka hazina nadhani, akamwambia, “Nau, mwenye boma yuko Mombasa, na maji hayakupitia Mombasa.” Watu wakacheka, hata yule mzee, lakini mama mwenye shamba hakucheka.

Alitaka mwethya wa siku nane ili korongo lizibwe kwa mawe na majani, na matuta yake yachimbwe kabla ya mvua. Wengine walinung’unika. Mvua ilikuwa imebakiza kama majuma matano, matuta yao wenyewe hayajakwisha, na huyu hajapata kulipa mchango hata wa mwezi mmoja. Nayo si hoja ya uchoyo. Katika nchi hii mvua ya vuli ndiyo mkulima anayoitegemea zaidi, na siku moja ya mwethya ni siku ambayo shamba lako mwenyewe limelala. Walijadiliana hata jua likagusa kilima, wakampa siku tano. Alizipokea bila furaha.

Ndipo walipofanya jambo dogo ambalo mimi, kwa kuwa ni karani, nililiona kubwa. Mwandishi alifungua daftari, akapiga mstari kwa rula kando ya safu ya namba za simu, akaandika juu ya safu mpya: “Anayelala nyumbani.” Wakaanza kuijaza pale pale, boma kwa boma, wanachama na wasio wanachama, wote walio juu na chini ya mfereji. Kwa wale wasio na simu waliandika jina la mtoto aendaye shule na jirani gani atampa ujumbe. Ilipatikana kwamba mashamba kumi na moja kati ya thelathini na manne yalikuwa yameandikwa kwa namba za watu wasiolala pale.

BWANA SHAMBA NA MKULIMA WA MFANO

Msomaji ataniuliza, je, maafisa wa kilimo wako wapi? Wapo, lakini ni wachache na mashamba ni mengi. Shida hii si ya leo. Katika miaka ya 1980 Kenya ilifuata mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia, ambao kwa huo afisa alifundishwa kwa siku maalum, kisha akaenda kuwatembelea wakulima wachache waliochaguliwa, kila baada ya majuma mawili, na wale wakatarajiwa kuwafundisha wengine. Kwa hesabu ya karatasi ulikuwa mpango safi sana: mmoja huwaambia kumi, na kumi huwaambia mia. Uliachwa mwishoni mwa miaka ya 1990.

Kosa lake wazee wa Kola hulieleza vizuri kuliko ripoti. Mkulima aliyechaguliwa aghalabu alikuwa mwenye ng’ombe wa maziwa, nyumba ya mabati na shamba karibu na barabara, ili motokaa ya wageni ifike bila taabu. Jirani maskini alipoambiwa, “Fanya kama yule,” alitazama mfuko wake akaenda zake. Na yule wa mfano naye hakuwa na sababu ya kwenda nyumba kwa nyumba akisema aliyofundishwa. Hakulipwa, wala hakutumwa na majirani. Alitumwa na ofisi.

Kuna mipango mingine iliyofanya vizuri zaidi kwa kuwa iliuliza kwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Wizara ya Kilimo ilianza kuitazama nchi kwa bonde moja baada ya jingine badala ya shamba moja moja: baraza likaitishwa, watu wakachagua halmashauri yao wenyewe, na mistari ya matuta ikapimwa kwa mteremko wote. Na tangu katikati ya miaka ya 1990 shule za shambani, zilizoletwa Kenya na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, zilianza kuwakusanya wakulima ishirini au thelathini kwenye shamba moja kila juma, wakalikagua jani kwa jani na kuchora waliyoyaona kwenye karatasi kubwa. Huko mwalimu huuliza zaidi kuliko anavyosema. Nadhani hilo ni gumu kwa mtu yeyote aliyewahi kupewa cheo.

Faida yake ilionekana mwaka 1997? Hapana, nimeulizwa hivyo na rafiki yangu mmoja, lakini mfano ninaoujua ni wa karibu zaidi. Katika mwaka 2017 viwavi jeshi wageni, ambao asili yao ni bara la Amerika, waliingia Kenya wakashambulia mahindi. Habari zao zilifika vijijini kabla ya wao kufika, nazo zilikuwa za kila namna: kwamba wameletwa na mahindi ya msaada, kwamba hawafi kwa dawa yoyote, kwamba sabuni ya unga huwaua wote kwa siku moja. Wanawake wa Kola waliniambia kwamba kikundi chao hakikuamini wala kukanusha. Walikwenda shambani alfajiri, wakafunua majani ya katikati ya mhindi, wakamtoa mdudu, wakamtazama. Huyu mgeni ana alama ya herufi Y iliyopinduliwa kichwani, na madoa manne yaliyokaa mraba karibu na mkia. Aliyekuwa na alama hizo alijulikana, na asiyekuwa nazo aliachwa. Wakakubaliana kila mmoja akague mahindi yake asubuhi mbili kila juma, wawaponde kwa vidole walio wadogo, na wenye kutaka watie majivu katika kikonyo. Hawakuokoa yote. Lakini hakuna aliyeuza mbuzi kununua dawa asiyoijua.

NENO “KAWAIDA”

Nilipita Katumani tena kwa siku moja, maana nilitaka kuiona stesheni ya utafiti iliyotoa mahindi yanayoitwa kwa jina lake. Mahindi ya Katumani yalitolewa kwa wakulima katika miaka ya 1960, nayo hukomaa upesi, kabla mvua fupi haijakatika. Watu hudhani yalienea kwa sababu ya matangazo. Yalienea zaidi kwa vibuyu. Kwa kuwa mbegu hii si ya chotara, mkulima aliweza kuchagua magunzi mazuri, akaweka mbegu yake, akampa dada yake aliyeolewa ng’ambo ya mto. Na pamoja na mbegu alimpa maneno: panda kabla ya mvua, katika vumbi. Usiifuatanishe karibu mno. Mbegu za chotara ambazo hununuliwa kila msimu huja na maneno yake yameandikwa kwenye mfuko, na mara nyingi kwa Kiingereza.

Kutoka hapo nilikwenda Wote, ambao ni mji mkuu wa Makueni. Nchi hii ilikuwa sehemu ya Machakos hata mwaka 1992, kisha ikawa wilaya, na tangu mwaka 2013 ni kaunti yenye serikali yake. Huko nilikaa nyuma ya mkutano mmoja wa wakulima ambapo utabiri wa mvua ya vuli ulisomwa. Desturi hii ni njema: kabla ya msimu, watu wa Idara ya Hali ya Hewa, wa kilimo na wakulima wenyewe hukaa pamoja. Wazee nao husema waliyoyaona, miti iliyochipua mapema na upepo ulikotoka.

Afisa alisoma vizuri, kwa sauti. Alisema kwamba mvua inatarajiwa kuwa ya kawaida au pungufu kidogo ya kawaida. Mwanamke mmoja aliyevaa kanga ya manjano akainua mkono.

“Bwana, kawaida ya nani?”

Watu walinyamaza. Akaendelea: “Mimi natoka upande wa chini. Mvua ya kawaida ya Mbooni kwetu ni gharika. Mvua ya kawaida ya kwetu, watu wa Mbooni wataiita njaa. Niambie nipande nini.”

Nilimheshimu afisa yule, kwa kuwa hakukasirika. Alikunja karatasi yake, akauliza ni wangapi wametoka upande wa milima na wangapi upande wa chini, akawagawa mahali pawili, na tangu hapo mkutano ulikuwa wa mtama, kunde, pojo, na tarehe za kupanda. Ulichukua saa tatu. Kama angesoma tu akakaa, ungechukua dakika ishirini, na katika kitabu cha ofisi ungeandikwa kwa neno lile lile: “wakulima wamejulishwa.”

Simu za mkononi zimesaidia sana, wala sitaki nionekane kama mtu anayezichukia. Vijana wa vikundi wana ukumbi wao wa WhatsApp, ambamo bei ya maembe ya Wote hujulikana kabla ya lori kufika. Lakini nilihesabu katika kikundi kimoja: kati ya wanachama ishirini na sita, tisa tu walikuwa na simu za namna hiyo. Wengine walikuwa na simu ndogo, na wawili hawakuwa na yoyote. Habari iliyowekwa katika ukumbi ilihesabiwa kuwa imewafikia wote. Tena baadhi ya wanaume walikuwa wakijua bei ambayo wake zao, waliochuma maembe, hawakuijua, nao hawakuwa na haraka ya kuwaambia.

NTHONGONI

Siku yangu ya tano nilipanda gari la Makindu, na kutoka huko nikafuata barabara kuu ya Mombasa mpaka karibu na Mtito Andei, nikaingia Nthongoni. Nchi imekuwa tambarare na joto limezidi. Mibuyu imesimama moja moja kama wazee waliokosana. Kwa mbali yaonekana Chyulu, na mbuga ya Tsavo ni jirani; hapa mkulima hupambana na jua kwa upande mmoja na ndovu kwa upande mwingine.

Nilikuja hapa kwa sababu ya redio. Vikundi vya wanawake wa sehemu hii, zaidi ya thelathini, vilivyokuwa vimejiunga pamoja, vilianzisha redio yao wenyewe, Radio Mang’elete, nayo ilianza kutangaza mwaka 2004 kwa Kikamba. Jambo hili lilikuwa geni katika Kenya ya wakati ule, ambapo redio nyingi zilikuwa za serikali au za matajiri. Wanawake ambao awali walikuwa wakipeleka habari kwa miguu, kikundi hadi kikundi, mwendo wa nusu siku, walitaka sauti itakayofika nyumba zote kwa saa moja, tena kwa lugha ambayo bibi anaielewa akiwa anapepeta mbaazi.

Nilikaa jioni katika boma la mzee mmoja aliyenikaribisha kwa uji wa mtama. Akaniambia kwamba redio ilipoanza, wageni walimwuliza anapenda kusikiliza nini, nao walitazamia aseme mafunzo ya kilimo. Yeye aliwajibu, “Matanga na mbuzi waliopotea.” Wageni walisikitika. “Lakini wewe, karani, fikiri,” akasema. “Nikingoja kusikia nani amekufa, nasikia pia kwamba mbegu zimefika. Ukiniletea mbegu peke yake, nitazima betri niiweke kwa ajili ya matanga.”

Mke wake alisema yeye hana haja na redio usiku. Usiku ana haja na simu. Ndovu wakivuka, boma la kwanza lililo karibu na mbuga humpigia la pili, la pili la tatu, na kila boma hupiga mabati. Wamepanga orodha yao, na kila mmoja anajua wa kumpigia, na kama huyo hajibu, anajua wa baada yake. Nilimwomba anionyeshe orodha hiyo. Akacheka, akagonga paji la uso wake kwa kidole.

Saa tano usiku ile simu yake ililia. Aliipokea akiwa amesimama, akasema maneno matatu, akapiga namba ya jirani wa chini, na alipokuwa akingoja ajibiwe, mume wake alikuwa amekwisha kutoka nje na kipande cha bati na nyundo.